Aliyezama majini huokolewa kwa pumzi, si kwa kubonyezwa tumbo

MTU anapoopolewa majini akiwa hana fahamu, wengi hukimbilia kumning'iniza kichwa chini au kumbonyeza tumbo ili atapike maji. Hatua hiyo hupoteza muda na huweza kupeleka matapishi mapafuni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Kinachomuua aliyezama ni kukosa hewa, hivyo msaada wake huanza na pumzi.

Kwanza alazwe chali mahali pagumu, aitwe na kutikiswa mabega. Asipoitikia, mtu mwingine apige simu ya dharura, ambayo kwa Tanzania na Kenya ni 112.

Msaidizi aweke kiganja kwenye paji la uso la mgonjwa, akilaze kichwa nyuma na kuinua kidevu kwa vidole viwili ili ulimi usizibe koo. Aangalie kifua na kusikiliza pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10. Kutweta kwa nadra, kama mtu anayekata roho, si kupumua.

Asipopumua, pua ibanwe na midomo ya msaidizi ifunike kinywa chote. Apulize taratibu kwa sekunde 1 huku akitazama kifua. Kifua kikiinuka, hewa imefika. Kisipoinuka, kichwa kirekebishwe kabla ya kupuliza tena. Kupuliza kwa nguvu hujaza hewa tumboni na kuleta matapishi.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, kichwa kisilazwe nyuma sana, kinywa na pua vifunikwe pamoja, na pumzi iwe ndogo.

Mwongozo wa Ulaya unataka pumzi 5 za mwanzo, na ule wa Marekani 2. Asipozinduka, kifua kikandamizwe katikati mara 30, kisha zifuate pumzi 2, kwa zamu bila kukoma hadi apumue au wahudumu wafike. Kwa mtu mzima, kifua kididimie sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Utaratibu huu hutofautiana na wa mtu mzima anayeanguka ghafla kwa moyo kusimama. Huyo huanziwa kifua, na asiye na mafunzo anaweza kukandamiza tu bila kupuliza.

Aliyezinduka naye apelekwe hospitali hata akijiona mzima, kwani mapafu yake yanaweza kudhoofu saa kadhaa baadaye.