Kuunganisha maikrofoni na kompyuta

Kuunganisha maikrofoni na kompyuta ndiyo hatua ya kwanza ya kurekodi sauti nyumbani. Maikrofoni nyingi hutoa umeme hafifu mno, wa milivolti chache tu. Lazima ukuzwe kwanza, kisha ugeuzwe kuwa tarakimu zinazoweza kuhifadhiwa.

Maikrofoni ya USB hufanya kazi zote mbili ndani kwa ndani, hivyo huchomekwa moja kwa moja. Ile ya plagi ya XLR, yenye pini 3, huhitaji kifaa cha katikati kiitwacho kiolesura cha sauti. Aina ya kondensa hudai pia umeme wa volti 48 upitao kwenye waya uleule. Kitufe chake kwa kawaida huandikwa "48V", na wanaoanza hukisahau, wakadhani maikrofoni imekufa. Aina ya dainamiki, kama Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966, haiuhitaji. Tundu la milimita 3.5 ni rahisi, lakini mara nyingi huleta mvumo.

Kwenye mipangilio ya sauti, maikrofoni huchaguliwa kuwa chanzo. Programu ya bure kama Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, inatosha kabisa. Sauti ikivuka desibeli 0 hukatwa na kukwaruza, na kuirekebisha baadaye ni kazi bure; ni salama vilele vyake viishie karibu na -12. Mapazia mazito hupunguza mwangwi wa kuta tupu. Mvua juu ya bati haina dawa. Wakati wa kurekodi hutumika hedifoni, kwani sauti ya spika huingia tena kwenye maikrofoni.