Utamu wa Ukambani: Kutoka Mzinga hadi Chupa

Kabla ya soda, utamu wa Ukambani, kwa Wakamba wa Kenya, ulining'inia mtini. Mizinga ya magogo ilitundikwa juu ya migunga ya Kitui na Kibwezi. Asali yake ililiwa, na nyingine ikachachushwa kwa tunda la mwatine kuwa uki, kinywaji cha wazee.

Reli iliyopita Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud mwishoni mwa karne ya 19 ilivuta maduka, nayo maduka yakaleta sukari. Kisha, mwaka 1948, Coca-Cola ikaingia Kenya. Katika nchi kame ambako maji huchimbwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka, chupa iliyofungwa kiwandani haikumtia mtu shaka. Gesi, ubaridi na sukari vilimaliza kazi. Soda ikawa ya mgeni, ya harusi na ya Krismasi, na mwenye duka akazoea kuuliza: "Baridi au moto?"

Chupa ya kola ya mililita 300 hubeba takriban gramu 32 za sukari, sawa na vijiko vinane vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaona ni heri mtu mzima asivuke gramu 25 hivi kwa siku.

Mwaka 2010 Coca-Cola, Wakfu wa Gates na shirika la TechnoServe walitangaza mradi wa dola milioni 11.5 kwa wakulima 50,000 wa maembe na pasheni nchini Kenya na Uganda, matunda yao yaingie kwenye juisi. Mwaka 2017 Kaunti ya Makueni nayo ikaanzisha kiwanda chake Kalamba, cha kusaga maembe kuwa rojo. Mkulima aliyezoea kuona mavuno yakioza chini ya mti alipata mnunuzi mwingine.

Hapo ndipo wengi hudhani juisi ya embe letu haina neno. Gramu 100 za embe bivu zina sukari gramu 14 hivi, kuizidi hata soda, ila huja na nyuzinyuzi na vitamini A na C, na hutafunwa polepole. Nao mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani hauhesabu sukari ya tunda zima, bali huihesabu ikishakamuliwa. Basi Kalamba ipimwe kwa mfuko wa mkulima, si kwa afya ya mnywaji. Mtoto apewe embe alimenye.