Wageni wa Mafia

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nauheshimu usemi huo, lakini historia ya Mafia yatufundisha kwamba si kila mgeni huja na dawa.

Kisiwa hiki kimekaa mkabala na mdomo wa mto Rufiji, na kwa karne nyingi pepo za kaskazi na kusi zimekiletea wageni. Magofu ya Kisimani na Kua ni mabaki ya miji iliyostawi kwa biashara ya bahari. Kua, iliyoko katika kisiwa kidogo cha Juani, ilivamiwa mapema katika karne ya 19 na Wasakalava kutoka Madagaska. Watu wakachukuliwa mateka, na mji haukuinuka tena. Mwaka 1890 ikawa zamu ya Wajerumani, ambao waliweka makao yao Chole. Januari 1915 Waingereza waliwanyang'anya, wakarusha ndege kutoka hapo kuisaka manowari Königsberg iliyojificha Rufiji. Kila mmoja alikuja na haja yake, na haja ya mwenyeji haikuulizwa.

Chini ya maji wapo wenyeji wa kale zaidi. Matumbawe, ambayo wengi huyadhania kuwa mawe, ni wanyama wadogo wajengao nyumba ya chokaa. Yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Basi tumbawe lenye kimo cha mita moja huenda lilianza kujengwa siku za vita ile ya 1915. Nanga ya mashua hulivunja kwa dakika moja. Hapo samaki hujificha. Katika mikoko hulelewa wachanga wao. Na kasa hula majani ya bahari yaliyo katikati. Ukibomoa chumba kimoja, nyumba nzima hutikisika.

Nasi wenyewe tulibomoa. Baruti ilivuliwa samaki, na matumbawe yakachimbwa kwa ujenzi. Mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, yenye eneo la kilomita za mraba 822 hivi. Miaka mitatu baadaye, joto la bahari la 1998 likaua sehemu kubwa ya matumbawe, pasipo kosa la mvuvi yeyote wa hapo.

Hata hivyo, mvuvi ndiye aliyetangulia kulipa gharama ya hifadhi. Aliambiwa aache juya, na maeneo aliyovua babu yake yakafungwa. Kwa hiyo mtalii anayefurahia bahari ile anafurahia kitu ambacho mwingine amejinyima.

Deni hilo hulipwa kwa mambo madogo. Lipa ada ya hifadhi bila kunung'unika. Mchukue mwenyeji akuongoze, ulale na kula mahali ambapo fedha itabaki kisiwani. Usikanyage matumbawe, wala usinunue gamba la ng'amba. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukaribia Kilindoni kuanzia mwezi wa Oktoba hivi. Mtazame kwa mbali, usimguse. Usiku ufukweni zima taa, maana vitoto vya kasa huifuata nuru wakidhani ndiko bahari iliko. Na uingiapo kijijini, vaa kwa staha.

Pwani ya mbali hailindwi na umbali wake. Hulindwa na mwenyeji anayeona faida ya kuilinda, na mgeni asiyemfanya ajute.