Kwa nini ndege hupigwa dawa ya barafu kabla ya kuruka?

Wadau, mlioko Ulaya na Marekani hili si geni kwenu. Abiria mmeshafunga mikanda, mara linakuja gari lenye mkono mrefu, linaanza kuimwagia ndege maji ya rangi ya machungwa. Wapo wanaonuna eti wanacheleweshwa. Nimeona niliweke hapa kwa kirefu kidogo, maana linahusu roho za watu.

Ndege huinuliwa na hewa inayopita vizuri juu ya mabawa. Barafu ikiganda hapo, hata iwe nyembamba na yenye kukwaruza kama msasa tu, inaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Kwa hiyo tatizo siyo uzito kama wengi tunavyodhani, ni bawa kuharibika umbo.

Dawa yenyewe ni glaikoli na maji. Glaikoli huzuia maji yasigande upesi. Zinazotumika sana ni mbili:

Aina ya I: nyepesi, rangi ya machungwa, hupulizwa ikiwa ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Hii inaondoa barafu iliyokwisha kuganda.

Aina ya IV: ya kijani, nzito, hupuliziwa baadaye ili theluji inayoendelea kuanguka isigande. Ndege ikishika kasi ya kuruka, upepo unaisukuma dawa yote inachuruzika, bawa linabaki safi.

Sasa hapa ndipo penye jambo: dawa ina muda wake. Theluji inaizimua taratibu mpaka inaishiwa nguvu. Tarehe 22 Machi 1992, ndege ya USAir namba 405 ilipuliziwa Aina ya I mara mbili pale LaGuardia, New York. Baada ya mara ya pili ikakaa foleni, zikapita kama dakika 35. Iliporuka ikaanguka. Kati ya watu 51, 27 walikufa. Mwaka huohuo Marekani ikatoa kanuni mpya, na leo marubani hutumia majedwali ya muda wa kinga, kwa kuangalia aina ya dawa, baridi na theluji.

Kwa hiyo rubani akitangaza kwamba mnarudi kupuliziwa tena, jamani msimlaumu. Muda umekwisha huo, anawaokoa.

Mliowahi kukutana na hali hii, tupeni uzoefu wenu. Nawasilisha.