Soko la Bunduki Kasongo na Kabambare

Katika zama ambazo misafara ya tijara ilikuwa ikitoka pwani hata Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hata Mtowa, kisha ikashika njia ya Kabambare kuelekea Kasongo, hapakuwa na bidhaa iliyotamaniwa kuliko bunduki, wala bidhaa ambayo thamani yake ilitegemea vitu vingine kuliko hiyo. Kwani kitambaa huvalika popote kifikapo, na shanga vivyo hivyo, lakini bunduki iliyokosa baruti ni chuma na mti tu.

Nazo hazikuwa mpya. Majeshi ya Ulaya yalipoanza, katika miaka ya 1860, kuchukua bunduki za kupakiwa nyuma, zile kuukuu za kushindiliwa mdomoni ziliuzwa kwa thamani hafifu zikamiminika Unguja, hata mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, akakadiria kwamba baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka. Kwa silaha hizo Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Itabwa mwaka 1867, na baadaye akaufanya Kasongo kuwa makao ya himaya yake. Na kwa silaha hizo hizo, tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara waliwafyatulia risasi raia katika soko la Nyangwe, mbele ya macho ya Livingstone, mamia wakafa, wengi wao wanawake waliozama katika mto Lualaba. Asimuliaye biashara hii akaiacha siku ile amesimulia nusu.

Gobori, yaani bunduki hiyo ya kushindiliwa mdomoni, lilikuwa na taabu zake. Mwenyewe alimimina baruti katika mtutu, akasokota kitambaa akakishindilia kwa mdeki, akatia marisau au vipande vya chuma alivyovipata, akashindilia tena, ndipo akaweka fataki chini ya nyundo. Na akiisha kupiga hana budi kurudia kazi yote tangu mwanzo, ilhali ndovu aliyejeruhiwa hamngojei. Mvua za Maniema, nchi ya Kasongo na Kabambare, zilitosha kuilowesha baruti na kumwacha mtu ameshika gongo.

Alhasili, bei ya bunduki Kasongo ilikuwa ni bei ya njia. Njia hiyo ilianza kuzibwa kwa kalamu: Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza silaha kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila zile za gumegume na baruti ya kawaida, nazo kwa idhini ya serikali. Kisha ikazibwa kwa vita. Askari wa Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, wenye bunduki za Albini na mizinga ya Krupp, waliutwaa Nyangwe mwezi Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, akauawa mwaka ule ule. Wengi husema kwamba Kasongo uliangushwa na Gongo Lutete, mkuu wa vita aliyemtumikia Tippu Tip, alipohamia upande wa Wabelgiji, nami sikatai. Lakini kwa mtazamo wangu mwisho hasa ulikuwa Januari 1894, Kabambare ulipotekwa, maana hapo ndipo ulipokuwa mlango wa kwendea Ujiji, na mlango ukiisha fungwa, nani angenunua bunduki asiyoweza kuilisha?

Serikali ya kikoloni ilizitia bunduki za fataki chini ya kibali, na zilizobaki zikaingia mikononi mwa wawindaji na wahunzi waliojua kuzitengeneza.

Hata Ulaya leo, kwa namna yake, bunduki hupoteza thamani kwa kukosa cha kuilisha. Bunduki za marisau za kale, zilizochorwa kwa mkono na mafundi wa Liège na Birmingham, zinapoteza wanunuzi, kwa kuwa wazee waliozikusanya wanafariki, na pia kwa kuwa risasi za madini ya risasi zimepigwa marufuku katika maeneo ya majimaji ya Umoja wa Ulaya tangu Februari 2023, na mitutu mingi ya zamani haiwezi kustahimili marisau ya chuma.

Huko Maniema ya kusini gobori lilipata pigo lake la mwisho kuanzia 1996, vita vilipoingiza Kalashnikov hata vijijini. Gobori, ambalo babu alilipata kwa pembe ya ndovu, halikuweza tena kumlinda mjukuu wake, na kuonekana nalo njiani kuliweza kumtia hatarini mbele ya kundi lolote lenye silaha. Ndiyo sababu leo hubebwa msituni kwa ajili ya nyama tu.