Chumvi ya Wembere na Ubongo wa Mtoto

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mchemsha chumvi. Mvua zikishakatika na mbuga ya Wembere, magharibi mwa Iramba, ikakauka, yeye na wenzake walikwenda kukwangua udongo mweupe wenye magadi na chumvi. Waliutia kwenye chungu chenye matundu chini, wakaumiminia maji, kisha wakayachemsha yale yaliyochuja mpaka ikabaki chumvi tupu. Waliibadilisha kwa mtama, uwele na kuku. Biashara ya namna hii ilienea pande zetu zote: Wasukuma walisafiri kwa misafara hadi ziwa Eyasi kufuata chumvi, na mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha habari za safari hizo.

Naiheshimu kazi ile, maana ilitulisha. Lakini mimi ni mkunga, na kliniki imenifundisha kuuliza chumvi ina nini ndani yake. Ile ya kuchemshwa kienyeji haikuongezwa madini joto, yaani aiodini, na mjamzito anahitaji takribani mikrogramu 250 kila siku.

Tezi ya shingoni hutumia madini hayo kutengeneza homoni. Miezi mitatu ya mwanzo, mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama, kwa kuwa tezi yake bado haijaanza kazi. Homoni hiyo huingia hadi kwenye kiini cha chembe ya neva na kushikamana na protini zilizokaa juu ya DNA. Hapo jeni fulani huamshwa na nyingine hutulizwa. Protini hizo zilitambuliwa mwaka 1986. Mojawapo ya jeni zinazoamshwa, iitwayo Klf9, huchangia ukuaji wa nyuzi za neva. Kwenye serebela, ile sehemu ya nyuma ya ubongo, chembe kubwa za Purkinje zikikosa homoni huota matawi mafupi na machache. Jeni za mtoto huyo ni nzima, ila amri ya kuzianzisha haikufika.

Kwa hiyo rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni unaoletwa na upungufu wa madini joto, lilikuwa dalili ya nje tu. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, iliupima upungufu huu nchini. Katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto vikaanza kugawiwa kwenye wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula iongezwe madini hayo.

Viwanda vikubwa viliweza kutii upesi. Mchemsha chumvi mdogo hana mashine, wala hajui pa kununua potasiamu aiodeti, dawa ya kuongeza madini joto kwenye chumvi. Kumfukuza sokoni ni kuua urithi, na kumwacha aendelee vilevile ni kumnyima mtoto haki yake. Halmashauri ziwakusanye wachemsha chumvi katika vikundi, ziwape dawa, vipimo na mafunzo. Nasi akina mama tuinunue chumvi yao ikiwa imepimwa, tuihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, na tuitie kwenye chakula kikikaribia kuiva.