Foleni ya Malaba na dirisha lililoganda

Leo tuzungumzie dirisha linaloganda. Unabofya kitufe, kimya. Wengi hukimbilia kukirekebisha kitufe. Mimi huuliza kwanza: data inatoka wapi, inakwenda wapi?

Tuangalie Malaba, kilomita chache kutoka Amagoro. Mwaka 2005 Kenya ilianza kutumia Simba, programu ya forodha iliyotokana na ile ya Senegal. Uganda ilikuwa na ASYCUDA ya UNCTAD. Zote zilikuwa na fomu zake kwenye skrini, ila hazikuzungumza. Shehena iliyokwisha kuandikwa Kenya iliandikwa upya Uganda. Tarakimu moja ikikosewa, hati hazilingani, na lori linalala barabarani pamoja na dereva wake. Sasa hapo ungeipaka fomu rangi gani ndiyo isaidie?

Mwaka 2007 ikaja RADDEx, ikawa inapitisha taarifa kati ya mifumo hiyo miwili. Kisha 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, ushuru wa mzigo wa Uganda ukaanza kulipwa kabla mzigo haujatoka Mombasa. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa zaidi: hatua yenyewe ilihamishwa kutoka mpakani.

Kwenye madirisha ni vivyo hivyo. Sehemu ya programu inayochora skrini ndiyo inayopokea mibofyo. Ukiiambia pia isubiri seva, mibofyo inapanga foleni nyuma yake kama malori. Kazi ya kusubiri ipe sehemu nyingine, na kitufe kizime mpaka jibu lirudi, la sivyo wakala atabofya mara tano upokee hati tano za mzigo mmoja.